Breki ya Rabia

Rabia hajui kunong'ona. Si kwamba hataki. Hajui, kama wengine wasivyojua kuogelea. Alizaliwa Ndungu, kule tambarare kwenye majaruba ya mpunga, katika nyumba iliyoshikana ukuta na mashine ya kukoboa ya baba yake, na kila neno la utoto wake, kuanzia "lete chumvi" hadi "babu amefariki", lilisemwa kwa kushindana na injini. Sasa ana miaka thelathini na tisa, anaendesha mashine ya kusaga nafaka karibu na soko la Same mjini, na ukimpa siri asubuhi, kabla ya adhuhuri inajulikana Hedaru bila yeye kumtafuta mtu.

Ameolewa mara mbili na kuachika mara mbili, na zote mbili kwa sababu ya kicheko. Mume wa kwanza alitumbukia kwenye mfereji wa maji siku ya Idi, yeye na baiskeli na kanzu mpya na sinia la pilau. Rabia alicheka hadi akakaa chini. Mwanamume akasema mke wa kweli angekimbia kumwinua. Rabia akajibu kwamba nia alikuwa nayo, ila miguu ilikuwa imeishiwa nguvu. Mume wa pili alimwacha baada ya kumsikia akiigiza jinsi anavyokoroma, mbele ya wakwe, kwa ombi la wakwe wenyewe. Kwa huyo wa pili alimpata mwanawe, Salehe, ambaye siku hizi yuko chuoni Moshi na huwaambia wenzake kwamba mama yake ni mjasiriamali wa nafaka, akiishia hapo hapo.

Watu kama Rabia, Same haikuwa na pa kuwaweka, mpaka mwalimu Melkizedeki alipopata wazo.

Melkizedeki ni Msabato wa Suji, mwalimu wa hisabati, mtu mrefu asiyekunywa chai wala kahawa wala kucheka. Siku moja aliona kwenye simu yake watu wa mbali wakichekesha ukumbi bila maandishi na bila mazoezi: wanawauliza watazamaji, wanapewa mahali na kazi, kisha wanabuni pale pale. Aliitazama video ile mara nyingi kwa uso wa mtu anayesahihisha mitihani. Akafikia uamuzi kwamba Same kuna joto, kuna upepo na kuna kesi, lakini burudani hakuna, na kwamba jambo hilo linarekebishika.

Alimpata Rabia kwenye foleni ya unga. Wateja wawili walikuwa wakigombania nani alifika kwanza, na Rabia, bila kuzima mashine, alikuwa akiwaigiza wote wawili kwa zamu, mmoja kwa bega la kulia, mwingine kwa la kushoto, hadi wagomvi wenyewe wakasahau ugomvi na kuanza kumsahihisha. "Hapana, mimi nimesema 'mwizi', sikusema 'mwehu'."

"Shikamoo mwalimu," Rabia alisema alipomwona, maana ingawa hakumzidi sana kwa umri, mwalimu ni mwalimu.

"Marahaba. Umewahi kufikiria kufanya huo upuuzi kwa utaratibu?"

Ndivyo lilivyoanza kundi la Tangawizi Kavu. Siku ya kukutana ilileta shida kidogo. Ijumaa Waislamu wana yao, Jumamosi Melkizedeki hawezi hata kuwasha spika, Jumapili asubuhi Walutheri na Wakatoliki wako kanisani. Ikabaki Jumapili alasiri, katika ukumbi ulio nyuma ya nyumba moja ya wageni, ambako madereva wa malori walikuja kungoja jua lipungue na kujikuta wanatazama vichekesho.

Kanuni kubwa ya mchezo Melkizedeki aliifupisha kwa maneno mawili: pokea, ongeza. Mwenzako akikupa jambo, usilikatae. Akikuambia, "Daktari, mbuzi wangu ana mimba ya diwani," usiseme wewe si daktari. Unavaa miwani isiyokuwepo na kuuliza, "Ya ngapi hii?" Kila onyesho Melkizedeki alianza kwa kuwafundisha watazamaji kanuni hiyo, na watazamaji, ambao hufurahia kupewa kazi, waliitikia kwa kelele. Yeye akisema "Pokea!", wao wanajibu "Ongeza!"

Aliyeipenda kanuni hiyo kuliko wote ni Chande.

Chande alikuwa fundi simu mwenye kibanda karibu na stendi, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati lililopigwa pasi hadi likakaribia kuongea. Alikuwa na kipaji, hilo hakuna anayelikataa hata leo. Angeweza kuwa jogoo, askari wa usalama barabarani na bibi yake mwenyewe ndani ya pumzi moja. Spika ilikuwa yake, na nusu ya watazamaji walimjia yeye. Tatizo ni kwamba kwa Chande "pokea" ilikuwa na maana moja kwa wanaume na nyingine kwa wanawake. Mwanamume alipewa neno apokee. Mwanamke alipewa mkono kiunoni, kofi la makalio, kukumbatiwa mpaka kitenge kipande, na apokee. Ukumbi ukicheka, yeye anaongeza.

Wanawake waliingia kundini na kutoka. Mmoja alisema mume wake amehamishwa, ingawa mume aliendelea kuonekana sokoni. Mwingine alisema ana malaria, na malaria hiyo haijapona hadi leo. Rabia alibaki, na sababu yake ya kubaki ni kwamba Chande alimjaribu mara moja tu. Alimpiga kofi la nyuma jukwaani, na Rabia, mwenye mikono iliyokuzwa na magunia ya mahindi, akapokea na akaongeza: alimzaba kibao kilichorusha kofia yake hadi safu ya tatu. Ukumbi ulilipuka. Chande alicheka pia, akishika sikio. Rabia akaona mambo yamekwisha, na hakuwaza zaidi ya hapo. Hakujiuliza wenye mikono midogo wanafanyaje.

Kisha akaja Faraja. Faraja aliuza katika duka la dawa, binti wa miaka ishirini na minne, mwembamba, sauti ya chini. Mzaha wake ulichelewa kufika, kama basi, lakini ulipofika ulikuwa umejaa. Onyesho lake la kwanza aliigiza mgonjwa aliyengoja matokeo ya vipimo, akakaa kimya kwa muda mrefu hadi watu wakaanza kukohoa, kisha akamwambia daktari kwa upole, "Kama ni habari mbaya, mpigie mume wangu. Na kama ni nzuri, usimpigie." Dereva mmoja wa lori alimwaga soda yake yote. Rabia alimpenda hapo hapo.

Msimu wa mavuno, kikundi kimoja cha wakulima wa tangawizi huko Mamba kiliwaalika wachekeshe kwenye mkutano wao wa mwaka. Walipanda milimani kwa pikapu iliyokuwa ikienda kuchukua mzigo, wakakuta watu wamejaa uwanjani: wazee wamekaa kwenye viti vya shule, akina mama kwenye nyasi, bodaboda zimepangwa pembeni, na sufuria za makande zinatokota. Jukwaa lilikuwa lori, bodi lake limefunguliwa pande zote. Lilikuwa juu kuliko kimo cha mtu, halina cha kushika, na lilikuwa na mabaki ya udongo wa tangawizi yanayoteleza.

Onyesho lilianza vizuri. Melkizedeki akafundisha kanuni, na Mamba ikaitikia hadi milima ikarudisha. Kisha mtu akapendekeza, "Bwana na bibi harusi, siku ya kwanza ya fungate!" na Chande akamvuta Faraja katikati kabla hajageuka.

Faraja alicheza. Akajifanya bibi harusi anayehesabu zawadi za sufuria na kulalamika kwamba zote hazina vifuniko. Watu wakacheka. Chande hakupendezwa kuona kicheko kikienda upande ule. Akamshika mabega.

"Mke wangu, sufuria baadaye."

"Subiri kwanza, bwana," Faraja alisema, akicheka kidogo.

Chande akambusu. Faraja akarudi nyuma, mkono mdomoni, na safari hii hakuwa anacheka. "Nimesema subiri."

Chande akawageukia watazamaji, mikono wazi kama mhubiri. "Ndugu zangu wa Mamba! Kanuni inasemaje?"

Na Mamba, iliyofundishwa dakika chache tu kabla na mwalimu mwenye cheti, ikajibu kwa sauti moja: "Pokea! Pokea!"

Basi akamwinua, akambeba begani kama gunia, akaanza kuzunguka naye, akikaribia ukingo wa lori na kurudi, akikaribia na kurudi. Watu walipiga kelele za furaha. Rabia alikuwa chini pembeni, kwa miguu na mikono, maana alitarajiwa kuingia kama mbuzi wa mahari. Kutoka pale aliuona uso wa Faraja kichwa chini. Macho yalikuwa makavu na yanatazama ardhi, yakipima umbali.

Rabia alipanda lile lori kwa namna ambayo mwenyewe hawezi kuieleza, kwani siku nyingine huhitaji kusaidiwa kupanda ngazi ya benki. Akasimama wima, akapigapiga magoti yake yaliyojaa udongo, na kwa ile sauti ya Ndungu akatamka neno moja.

"Kesi!"

Ieleweke kwamba hili alilisema mbele ya Wapare. Majirani hutusema kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na sisi huwa tunakana, kisha tunauliza kuku huyo alikuwa wa rangi gani. Uwanja wote ukakaa sawa. Wazee wakavuta viti mbele.

"Mimi ni mwenyekiti wa baraza la kata," Rabia alitangaza, "na nimefika nikiwa nimechelewa, kama kawaida ya ofisi. Mshitakiwa, mshushe mlalamikaji. Taratibu. Mshushe kama trei ya mayai."

Chande, kwa kuwa kanuni ni pokea, hakuwa na pa kukimbilia. Akamshusha. Rabia akamsogelea Faraja na kumuuliza faraghani, au alichodhani ni faraghani:

"Mwanangu, unaendelea au unashuka?"

Ilisikika hadi kwenye sufuria za makande. Uwanja wote ukangoja jibu pamoja naye.

"Nashuka," Faraja alisema.

Mwalimu Melkizedeki akampa mkono, akashuka. Hapo ndipo bibi mmoja aliyejifunga kilemba cha kijani alipoinuka kwenye nyasi. "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni shahidi. Binti alisema subiri. Tena mara mbili."

"Umesikia, bibi?"

"Nimesikia. Na masikio yangu ni mabovu."

Mzee mmoja naye akasimama, kofia mkononi. "Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema pokea. Naomba kuondoa kauli yangu." Watu wakacheka, lakini wengine wawili watatu wakainuka nao wakaondoa zao. Kesi ikaendeshwa mpaka mwisho, na bibi wa kilemba akatoa hukumu ya mbuzi mmoja kwa mujibu wa mila. Chande alipiga magoti, akaomba msamaha wa kuigiza, akapigiwa makofi. Meno yake yalikuwa yameumana muda wote.

Kwenye pikapu, wakishuka, walifika kijiji cha Kisiwani. Hapo Chande akasema, "Umenidhalilisha, Rabia," na kila mmoja akangoja mwingine ajibu.

Walikutana Jumanne jioni darasani kwa Melkizedeki, wamebanwa kwenye madawati ya kidato cha kwanza. Chande alikuwa wa kwanza kuzungumza.

"Tuna kanuni moja tu. Moja! Na Mama Salehe kaivunja mbele ya watu mia. Nilitoa jambo, likakataliwa. Sasa nani ataniamini nikiwa juu?"

Baadhi ya wanaume walitikisa vichwa kumuunga mkono. Mmoja akasema kwamba anayeogopa maji asiende mtoni. Melkizedeki alikuwa akiandika na kufuta kitu ubaoni, na Rabia, ambaye kwa kawaida hangekosa la kusema, alikuwa akimtazama Faraja.

"Mimi sikuogopa kucheza," Faraja alisema hatimaye, polepole kama kawaida yake. "Niliogopa kuanguka. Nilifikiri nikimsukuma tutaanguka wote wawili, na nikifika chini nimevunjika, watu watakuwa bado wanacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nilisema subiri. Katika mchezo wenu huu, niambieni, mtu anayetaka kusimama kweli kweli anasemaje?"

Chande akasema, "Vichekesho ni vichekesho."

"Utani nao ni utani," Rabia alidakia, na kioo cha dirisha kikatetemeka. "Mtani akija msibani anavaa suruali ya marehemu, anadai sigara za marehemu, analala kwenye kitanda cha marehemu, na wafiwa wanacheka hadi wanasahau kulia. Lakini umeona wapi mtani akimshika mjane? Akimshika anatolewa nje na fimbo juu. Babu zetu walijua kuchekesha kabla simu hazijaja, Chande, na walijua mkono unaishia wapi."

Mjadala ulikuwa mrefu na haukuwa na adabu, lakini ulizaa kitu. Faraja alitaka neno, moja tu, ambalo likitamkwa kila mtu anasimama hapo hapo, hata kama mzaha umebakiza pumzi moja uive. Watu wakapendekeza maneno ya ajabu mpaka Rabia akasema, "Breki. Kila mtu Same anaijua, na kila mtu anajua kinachotokea ikikosekana." Pia wakakubaliana kwamba kabla ya kupanda jukwaani kila mmoja aseme lisilogusika kwake. Hapo ndipo yalipofunguka. Aliyesema habari za maji na mto alikiri kwamba mgongo wake ni mbovu, asibebwe wala asibebeshwe. Mwingine aliomba mkewe asitajwe, kwa sababu mkewe huja kutazama. Mwalimu Melkizedeki alitafakari, akasema yeye asipewe kahawa hata ya kuigiza.

Chande hakutaja lake. Alinyanyua spika yake, iliyokuwa ikitunzwa pale darasani. "Vichekesho vyenye breki vinaitwa mahubiri," alisema, "na mimi mahubiri nayasikia bure." Akaondoka nayo, na watazamaji wakamfuata kwenye baa moja ng'ambo ya barabara kuu.

Jumapili zilizofuata zilikuwa chungu. Tangawizi Kavu walicheza mbele ya viti. Kuna siku waliwachezea mlinzi wa ukumbi, mkewe, na mbwa aliyeingia kukimbia upepo. Kukosa spika hakukuwa tatizo, kwa kuwa walikuwa na Rabia. Tatizo lilikuwa kumpata wa kumsikia. Lakini habari ya kesi ya Mamba ilikuwa imeshuka mlimani na magunia ya tangawizi. Polepole wakaanza kuja wanawake: wauza vitunguu, manesi, walimu, wengine na waume zao, wakitaka kumwona mwenyekiti wa baraza. Wawili kati yao wakaomba kujiunga. Rabia akawa mtu mkubwa. Alipita sokoni akisalimiwa "mheshimiwa", na aliitikia.

Ndipo yakamfika yeye.

Kundini kulikuwa na Sylvester, fundi wa pancha wa pikipiki kando ya barabara kuu, mtu wa miaka thelathini, mkimya, mwenye uso unaoweza kuwa wa mtu yeyote. Alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge huko bondeni. Babu yake alitoka kusini kuja kukata mkonge na hakurudi; Sylvester mwenyewe Mtwara hajawahi kuiona hata kwenye basi. Lakini jina la ukoo la Kimakonde analo, na Rabia alikuwa amepata humo mzaha usiokwisha. Kila onyesho likihitaji mlinzi, mlinzi alikuwa Sylvester, maana Wamakonde husemwa mjini kwamba kazi yao ni ulinzi. Rabia alimwita "ntu wangu", akamwiga lafudhi ambayo Sylvester hana, akamkuta amelala getini, akamwamsha kwa mwiko. Watu walikufa kwa kicheko. Sylvester alipokea na kuongeza, kila mara, kwa miaka.

Jumapili moja ukumbi ulikuwa umejaa tena. Mtazamaji akapendekeza benki. Rabia akaingia kama meneja, akatazama huku na huku, na kabla hajavuta pumzi akapaza sauti: "Wee nlinzi! Umelala tena, ntu wangu?"

Sylvester alikuwa amesimama wima.

"Breki," alisema.

Watu wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Rabia naye. "Nsikieni! Hata breki anaitamka kwa lafudhi!"

"Breki, dada Rabia."

Faraja akapanda jukwaani akasimama kati yao. Melkizedeki akawaambia watazamaji kwamba kundi linapumzika dakika chache, na kwamba hilo ni jambo la kawaida kama kubadilisha gurudumu. Wakaendelea na onyesho lingine. Rabia hakuwemo. Alikuwa ameshachukua mkoba wake na kwenda nyumbani kwa miguu, mtandio ukipeperushwa na upepo, akiongea peke yake njia nzima.

Kwa siku kadhaa unga wa Same ulisagwa kwa hasira. "Mimi!" aliwaambia wateja. "Mimi niliyeileta hiyo breki! Kila mtu hutaniwa kwa kabila lake. Mimi naitwa Mpare bahili tangu nipate akili, umewahi kuniona nalia? Yule nimemfundisha mimi. Mzaha mdogo kama ule!"

Faraja alikuja na kibaba cha mahindi ambacho ilikuwa wazi kwamba hakihitaji. Akangoja foleni iishe.

"Mama Salehe, Chande naye alisema hivi hivi."

"Alisema nini?"

"Kwamba ni mzaha mdogo. Kwamba mbona wewe uliupokea."

Rabia akazima mashine. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea katikati ya mchana, na wauza nyanya jirani walisimama kuangalia kama umeme umekatika.

Alikwenda kwa Sylvester jioni hiyo hiyo. Alimkuta ameinamia beseni la maji, anatafuta tundu kwenye mpira. Rabia akaketi kwenye tairi kuukuu.

"Nimekuja na pancha," alisema. "Ya mdomo."

Sylvester hakucheka. Alitoa mpira majini, akaufuta. Rabia alikuwa hajazoea kimya; alijizungusha juu ya lile tairi kama kuku anayetaga.

"Baba yangu alikuwa mlinzi," Sylvester alisema. "Kambini. Wezi walikuja, wakampiga, wakachukua mashine ya maji. Jicho moja likapotea. Msimamizi akasema alikuwa amelala, ndiyo maana wakaingia. Akafukuzwa akiwa na jicho lake moja. Hadi anakufa alikuwa anamweleza kila mtu: sikulala. Watu wasiomuuliza, anawaeleza. Sikulala, mwanangu. Sikulala."

Rabia alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Ndungu kilichotoka kilikuwa sauti ya chini. "Kwa nini hukusema miaka yote hii?"

"Ningesemaje? Neno lenyewe mmelipata juzi."

Lori likapita, likawamwagia vumbi wote wawili. Lilipopita Rabia akasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikosa. Na uliposema breki nikacheka, hapo nilikosa zaidi."

Sylvester akaitikia kwa kichwa. Akapaka gundi kwenye kiraka, akakipulizia. "Sijasema usinitanie, dada. Nitanie. Mimi ni mbishi. Naimba vibaya. Mpira nikicheza hata kipofu ananipita. Viko vingi. Huo mmoja uache."

"Na walinzi?"

"Nimechoka na walinzi. Nataka kuwa bwana shamba. Au jini. Au mwanamke mwenye mimba."

"Mimba ya nani?"

"Ya diwani," Sylvester alisema, na hapo wakacheka wote, Rabia kwa nguvu hadi bodaboda mmoja akasimama kuuliza kuna nini.

Alirudi kundini. Si kwamba alibadilika sana; bado huwatania wazee wa kanisa, waume zake wawili na serikali ya mtaa, na bado husema kwanza na kufikiri akifika nyumbani. Ila siku hizi akisikia breki husimama hata kama mkono uko hewani, na ameisikia mara mbili zaidi, moja kutoka kwa nesi, nyingine kutoka kwa Salehe, aliyekuja likizo na kusikia mama yake akianza kisa cha yeye kukojoa kitandani. Ile ya Salehe ilimuuma zaidi, kwa kuwa kisa kilikuwa kizuri.

Baa ya Chande ilimchoka, au yeye aliichoka. Mwaka jana alikuja ukumbini Jumapili moja, akakaa nyuma, akacheka mahali pamoja bila kutaka. Baadaye alimwendea Melkizedeki akasema angependa kurudi, na spika angeirudisha. Kundi lilikuwa linaihitaji spika. Rabia huugua koo wakati wa baridi. Melkizedeki akamwambia, "Aanze kukusikia Faraja. Yeye ndiye ataamua."

Chande alikwenda mwenyewe kwenye duka la dawa, bila rafiki na bila mzaha. Alisema alichofanya Mamba, kila jambo kwa jina lake, na kwamba alilisikia lile "subiri" mara zote mbili, na kwamba alijua. Faraja alimsikiliza hadi mwisho akiwa nyuma ya kaunta yake. Alichelewa kujibu, kama kawaida.

"Asante kwa kusema," alimwambia. "Nimeshukuru kweli. Lakini kundini, hapana."

Wengine kundini walinung'unika kwamba mtu akiomba msamaha hupewa. Rabia ndiye aliyewanyamazisha. Alisema msamaha amepewa, kilichokataliwa ni jukwaa, na anayeona ni vigumu kutofautisha aje mashineni amsagie taratibu. Hakuna aliyekwenda. Melkizedeki alitangaza kuwa uamuzi umekwisha, akawakumbusha kwamba wamebakiza robo saa kabla ya onyesho.

Jumapili hiyo mtazamaji alipendekeza zahanati. Sylvester aliingia na mto tumboni, mikono kiunoni, akipumua kwa shida. Rabia akavaa miwani isiyokuwepo, akamtazama kuanzia juu hadi chini, na kabla hajamgusa tumbo akamuuliza kwa macho. Sylvester akatikisa kichwa kukubali. Rabia akaweka sikio kwenye ule mto, akasikiliza kwa muda mrefu, uso wake ukizidi kuingiwa na wasiwasi.

"Mama," alisema hatimaye, na wa safu ya mwisho wakamsikia bila shida, "huyu mtoto anadai kesi."